Akiba ya Mama Gwantwa

Maini ya wafanyakazi wa kiwanda cha Kilugu yalikuwa yakiishi ghorofa ya pili ya jengo la maabara, kwenye chumba chenye joto la mwili wa binadamu, na Tusajigwe Mwaisela ndiye aliyekuwa akiyalisha. Kila asubuhi, ukungu wa Rungwe ukiwa bado umelala juu ya mashamba ya chai, alivua viatu mlangoni, akavaa koti jeupe, akapita kati ya rafu akikagua chombo kimoja baada ya kingine. Kila chombo kilikuwa na ukubwa wa kisosi na kifuniko cha kioo. Ndani yake kililala kipande cha nyama hai, cha rangi ya kahawia, katikati ya maji ya virutubisho yaliyoingia upande huu na kutokea upande ule polepole. Juu ya kifuniko palibandikwa jina la mtu.

Hakuna aliyeajiriwa kiwandani bila kwanza kuchomwa sindano ubavuni, zikatolewa seli chache za ini lake, zikaoteshwa. Kilichoota ndicho kilichoitwa akiba. Ini la tumboni likichoka, daktari alikupasua, akakushonea akiba yako, nayo ikashika na kukua kana kwamba haijawahi kutoka mwilini mwako. Walikuwapo pale mjini watu waliotembea na akiba zao tumboni, na kila mtu aliwajua. Ndiyo maana Ijumaa, zamu ikitoka, watu walipanda ngazi, wakasimama nje ya dirisha refu la kioo na kuulizia.

"Langu linakula vizuri, Mlezi?"

"Linakula, Baba. Tena sana."

"Ndaga, asante, mwanangu. Lisije likalala njaa."

Lakini asubuhi hii Tusajigwe hakuanza na rafu. Alikuwa ameinama juu ya meza ya pembeni, palipowekwa ini la mfano, lililooteshwa kutokana na seli za mtu wa nchi ya mbali aliyefariki zamani. Jana ini hilo lilikuwa la kahawia. Leo lilikuwa limepauka kama uji uliolala, na lilikuwa limekufa.

Akamwita mkuu wake.

Daktari Mfaume Kingwande alikuja na kikombe chake cha chai mkononi. Alikuwa mzee wa Lindi, mwembamba, mkono wake wa kushoto haukunyooka vizuri. Ulivunjwa kwa rungu enzi za ujana wake, kwenye maandamano ya kudai sheria ya akiba. Alitazama chombo, akamtazama Tusajigwe.

"Umelifanya nini?"

"Nimelimwagia tui jipya. Mara mbili."

Tui ndilo jina ambalo wafanyakazi walikipa kiyeyushi cha kiwandani, kwa sababu kilikuwa kizito na cheupe. Maji ya moto yaliyovutwa kutoka chini ya mlima yalichanganywa nacho kwenye matangi makubwa, nacho kikayanyang'anya lithiamu ya kutengenezea betri. Mwanzoni mwa masika kampuni ilibadilisha mchanganyiko wake. Tangu hapo Tusajigwe alianza kusikia watu wa zamu wakilalamika kwamba midomo yao ni michungu.

"Sheria inasema mara moja," alisema Kingwande.

"Ndiyo. Unamwaga, unaacha muda wa zamu nzima, unaosha, unasubiri siku, unapima. Mara ya kwanza nilifanya hivyo hivyo, Daktari. Ona." Alimwonyesha mistari kwenye kioo cha kipimo. "Tui linapoingia linaziba vile vinu vya seli vinavyochoma mafuta. Seli haiwezi tena kula mafuta, inakimbilia sukari, inaichoma haraka haraka nusu nusu. Asidi ya laktiki inapanda, mafuta yanarundikana. Halafu ukiosha, kila kitu kinarudi mahali pake. Kesho yake ini linang'aa kuliko lilivyokuwa."

"Salama, basi."

"Salama kwa mtu anayefanya kazi siku moja tu maishani mwake. Ili kulisafisha tui, seli inatumia glutathioni yake yote, kinga yake ya ndani. Kuitengeneza upya kunachukua muda mrefu kuliko saa za kulala. Nimelimwagia tena kabla halijamaliza kuitengeneza, kama vile mtu anavyorudi kazini asubuhi." Akakigonga kifuniko kwa ukucha. "Hili ndilo jibu."

Kingwande alikigeuza chombo kwenye mwanga. Kisha akasema, "Kazi nzuri sana. Na haitusaidii kitu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni ini la mgeni. Sheria haikubali ushahidi wa kupinga kipimo chake, uwe wa kampuni au wetu, mpaka utoke kwenye ini la mtu wa hapa, mbele ya mkaguzi."

"Kifungu hicho ulikiandika wewe."

"Tulikiandika sisi, ndiyo. Kampuni walikuwa wakituletea maini ya watu wazima wa afya, watu wasiojua hata Kilugu iko wapi, kututhibitishia kwamba sisi hatuumwi. Tukasema hapana, pimeni maini yetu." Alikunywa chai kidogo. "Hatukufikiri kwamba siku moja kitatuziba mdomo sisi wenyewe."

"Basi tutumie ini la mtu wa hapa."

Mzee aliweka kikombe mezani. "La nani?"

Tusajigwe alichukua kitambaa, akaanza kufuta meza.

"Ukifungua kifuniko tu, vijidudu vya hewani vinaingia. Akiba iliyofunguliwa haishonwi tena kwa mtu. Na mwenyewe hapati nyingine, kwa sababu seli zake za sasa zimeshachoka, hazioti. Geuka, Tusajigwe. Tazama rafu hizo, unitajie jina la mtu utakayemnyang'anya."

Aligeuka. Alizitazama. Majina aliyajua yote, na sauti za wenye majina, na nani anapenda kuchekesha dirishani na nani husimama tu bila kusema neno.

"Alhamisi kuna usomaji," alisema Kingwande kwa upole. "Utasimama ukumbini, utasoma ulichokiona kwenye kipimo cha sheria. Uliapa kuzilisha akiba hizi. Hukuapa kuziua."

*

Sekela Mwambapa, ambaye mji mzima ulimwita Mama Gwantwa kwa jina la binti yake wa kwanza, alipanda ngazi siku hiyo hiyo alasiri, ingawa haikuwa Ijumaa. Alikuwa kiongozi wa zamu kwenye matangi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu kutoka bonde la pili. Alikuja akijikuna viganja kwa gunzi la mahindi.

"Ugonile, Mlezi."

"Salama, Mama. Karibu. Mbona unajikuna hivyo?"

"Sijui. Viganja na nyayo. Kituo cha afya wamenipima, wananiambia damu yangu nzuri."

"Wanakupima siku gani?"

"Jumatatu, nikitoka mapumziko. Ndiyo siku waliyotupangia."

Tusajigwe alifungua mlango mdogo pembeni mwa dirisha, akatoka, akamshika Mama Gwantwa kidevu kama mtoto, akamgeuzia kwenye mwanga. Weupe wa macho yake ulikuwa umeanza kuingia manjano.

"Mkojo?"

"Kama chai ya rangi." Mama Gwantwa alijitoa taratibu mikononi mwake. "Mwanangu, mimi si mgeni wa uso wa mtu anayeficha jambo. Niambie."

Mlezi hakuruhusiwa kuzungumza matokeo kabla ya usomaji. Tusajigwe aliyazungumza, wamesimama palepale kwenye korido, mvua ikipiga bati. Alimweleza juu ya sukari na mafuta, juu ya kinga inayotumika leo na haijarudi kesho, na kwa nini damu ya Jumatatu husema uongo: mwili uliopumzika umepata nafasi ya kujipanga. Mama Gwantwa alisikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, yule mama aliuliza swali moja tu.

"Ili wakubali, kinatakiwa nini?"

"Usiniulize hilo, Mama."

"Nimeshakuuliza."

"Inatakiwa akiba ya mtu wa zamu. Ifunguliwe, imwagiwe, na baada ya hapo haifai tena."

"Basi chukua yangu."

"Hapana."

"Si ya kwako, unasemaje hapana?"

"Kwa sababu wewe ndiye unayeihitaji kuliko wote! Jitazame macho. Ukianguka mwezi ujao, nitakimbilia rafu ile kukuletea nini? Nitakupa kitu gani?"

Mama Gwantwa alisogea dirishani. Akiba yake ilikuwa rafu ya katikati, jina lake limeandikwa kwa wino wa bluu. Aliitazama kwa muda mrefu, na sauti yake ilipotoka ilikuwa imeshuka.

"Unajua kwa nini kila asubuhi naingia kwenye tangi lile? Si ushujaa. Ni kwa sababu Ijumaa napanda hapa, nakiona kipande changu kimelala vizuri, nasema moyoni, haya Sekela, hata ukiharibika, spea ipo. Tukiumwa kichwa tunasema spea ipo. Mdomo ukiwa mchungu tunasema spea ipo. Wote, Mlezi. Zamu nzima. Tungekuwa hatuna kitu hiki tungeshawachomea matangi yao zamani." Aligeuka. "Mmenifungia kamba shingoni, mkaipaka asali. Mimi nataka kuikata."

"Na ukifa?"

"Nikifa nitakuwa nimekufa nikiwa nimewaambia. Sitaki kufa nikiwa nimeshukuru."

Tusajigwe alitaka kumwambia kwamba maneno ni rahisi kwa mtu ambaye bado anasimama kwa miguu yake. Alikwisha kuwaona watu wa ini lililokufa: tumbo limejaa maji, akili imepotea, wanawaita watoto wao majina ya ng'ombe. Badala yake alisema tu, "Nipe muda nifikiri."

"Fikiri," alisema Mama Gwantwa, akishika ngazi kushuka. "Lakini Alhamisi, sheria inaniruhusu kuiona akiba yangu mahali popote nitakapo. Mimi nataka kuiona ukumbini. Iletwe."

*

Alhamisi Tusajigwe akaileta. Aliibeba ndani ya sanduku dogo la joto, pamoja na vifaa vyake na chupa mbili za tui, akaliweka chini ya meza, katikati ya miguu yake, na mpaka anapoketi alikuwa hajaamua atafanya nini.

Ukumbi wa Kilugu uko nyuma ya soko, na siku ile ulijaa mpaka madirishani. Watu walikuja na masweta yaliyolowa na watoto mgongoni. Mbele walikaa mkaguzi wa serikali, mwanamume mkimya mwenye kofia magotini, na meneja wa kiwanda, Bi Thecla Ndunguru, aliyevaa suti ya kijivu na buti za mvua. Kumtazama, hakuwa mtu mbaya. Aliwasalimia wazee kwa heshima, akamuuliza mama mmoja habari za mtoto wake aliyelazwa.

Usomaji ulikuwa na desturi yake. Mlezi husimama, husema neno moja kati ya mawili, na mkaguzi hulitangaza. Salama, au si salama. Mkaguzi alimwashiria Tusajigwe kwa kichwa.

Alisimama.

"Kwa kipimo cha sheria," alisema, "ini linapona."

Bi Ndunguru alitabasamu.

"Lakini kipimo cha sheria kinauliza swali la kijinga. Kinauliza kama mtu atapona zamu moja. Hakuna hapa anayefanya zamu moja. Mimi sitalisema neno salama. Mkitaka lisemwe, mtafuteni mwingine wa kulisema."

Minong'ono ilipita ukumbini kama upepo kwenye migomba. Meneja alikuwa amekwisha kusimama. "Mheshimiwa mkaguzi, mlezi hana mamlaka ya kukataa. Ana ushahidi? Ushahidi wa ini la Kilugu? Hana. Hizi ni hisia zake tu."

"Mlezi!" Sauti ilitoka katikati ya ukumbi, na kila mtu aliijua. Mama Gwantwa alikuwa anakuja mbele, watu wanampisha. "Akiba yangu iko wapi?"

Hapo ndipo Tusajigwe angeweza kusema ameiacha maabara. Hakuna ambaye angemlaumu.

"Iko hapa, Mama," alisema, akainama na kuliweka sanduku mezani.

"Ile ni mali ya kampuni," alisema Bi Ndunguru upesi. "Imeoteshwa kwa gharama ya kampuni. Mfanyakazi ana haki ya kushonewa. Hana haki ya kuiharibu."

"Imeoteshwa kutoka wapi?" Mama Gwantwa alipandisha fulana yake kidogo, akaonyesha kovu dogo la sindano ubavuni, mbele ya mkaguzi na wazee na watoto, bila haya yoyote. "Hapa. Mlango walioingilia ni huu. Sasa niambie ni ya nani."

Daktari Kingwande naye alikuwa amenyanyuka. Alionekana kuzeeka tangu asubuhi. "Sekela, dada yangu, nisikilize. Mkono huu ulivunjwa ili wewe upate kile kilichomo kwenye sanduku lile. Usikitupe. Tutapeleka maombi, tutabadilisha sheria, tutapata njia nyingine."

"Lini, Daktari?"

Kingwande aliushika mkono wake uliopinda.

"Zamu inaingia lini?" Mama Gwantwa aliuliza tena. "Hiyo naijua mimi. Inaingia mchana huu."

Tusajigwe alimtazama usoni yule mama, macho yale ya manjano, na akamuuliza kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni: "Mama Gwantwa, unajua kwamba nikifungua, haitafungika tena? Na kwamba sina nyingine ya kukupa, leo wala mwakani?"

"Najua."

"Kuna aliyekushurutisha?"

"Anishurutishe nani?" Watu walicheka, ingawa wengine walikuwa wanalia. "Fungua, mwanangu."

Akatia kidole kwenye kishikio.

"Ngoja!" Ni Kingwande. Alikuja mbele akiwa amekunja mikono ya shati, na mwanzoni Tusajigwe alidhani anakuja kumzuia. "Ukilimwagia lote, watasema limekufa kwa vumbi la ukumbi. Ligawe. Nusu imwagiwe tui, nusu maji yake ya virutubisho, zote zikae pamoja, zipate joto lile lile. Kama mnafanya, basi tufanye kitu kisichopingika." Alinyoosha mkono wake mzima. "Nipe wembe."

Alikata yeye mwenyewe, kwa wembe wa maabara, akasimamisha kioo chembamba katikati ya chombo, kila nusu upande wake. Kisha akarudi nyuma. Kumwaga alimwachia mlezi.

Tui liliteremka kutoka kwenye chupa ndogo, zito na jeupe, likafunika nusu ya ini la Sekela Mwambapa. Tusajigwe alikuwa amewahi kumwaga mara nyingi juu ya maini ya watu asiowajua. Safari hii alimwaga polepole, mpaka chupa ilipokwisha.

"Hakuna zamu itakayoingia," alisema Mama Gwantwa, akivuta benchi na kuketi mbele ya chombo, "mpaka ini langu limalize kusema."

Na hakuna iliyoingia. King'ora cha mchana kililia kiwandani, kikalia tena, na watu wa zamu walibaki wameketi sakafuni, wamekunja miguu. Mkaguzi alipoulizwa na meneja kama haya yanaruhusiwa, alivua miwani, akaifuta, akasema kwamba sheria inamtaka kushuhudia na yeye anashuhudia.

Alasiri umeme wa ukumbi ulikatika. Nyumba za jirani zilikuwa na taa, ukumbi tu ulikuwa giza. Betri ya sanduku ilianza kuisha, na Tusajigwe alitazama kipimajoto kikishuka, akajua kwamba nusu zote mbili zitakufa kwa baridi na hakutakuwa na ushahidi wowote.

"Linataka nini?" mtu aliuliza.

"Joto la mwili. Lisipungue, lisizidi."

Wanawake wawili walitoka mbio bila kuambiwa. Nyuma ya soko kuna chemchemi ya maji moto ambayo kampuni haijaifikia, watu huogea na kufulia. Walirudi na ndoo zinazofuka mvuke. Tusajigwe alikiweka chombo ndani ya beseni, akachanganya maji ya moto na ya baridi, kipimajoto mkononi. Yakipoa aliita, na ndoo nyingine ikaja. Watu walijipanga mstari kutoka chemchemini mpaka mezani, kwenye mvua, wakipokezana. Bi Ndunguru alisimama mlangoni akiutazama mstari ule kwa muda, kisha akaondoka.

Muda wa zamu ulipotimia aliosha. Kipimo chake kidogo cha mkononi kilikuwa na betri yake chenyewe, na kila alipokisoma alitangaza kwa sauti. Asidi ya laktiki ilikuwa imepanda upande wa tui, upande wa maji imetulia. Asubuhi yake, zote zilikuwa sawa. Upande wa tui uling'aa.

Meneja alikuwa amerudi. "Mmeona?" alisema, na sauti yake haikuwa ya kukejeli, ilikuwa kama ya mtu anayewaombea. "Limepona. Limepona mbele ya macho yenu. Mama Gwantwa, umetupa akiba yako kwa ajili ya kitu ambacho sheria ilishatuambia. Nendeni nyumbani mkapumzike, zamu ianze kesho, sitamwadhibu mtu."

Tusajigwe aliona vichwa vikigeukiana. Aliona mtu mmoja karibu na mlango akifunga kamba za viatu.

Mama Gwantwa hakugeuka. Alikuwa bado kwenye benchi lake, uso umechoka, mikono imejaa alama za kujikuna.

"Mimi nikiamka hivi," alisema, "ninarudi kazini. Mwagia tena."

Tusajigwe akafungua chupa ya pili, akamwagia tena.

Jioni ile alipoosha, namba hazikurudi. Alizisoma. Akasubiri, akazisoma tena, na kila aliposoma mkaguzi aliziandika. Vimeng'enya vilikuwa vinavuja nje ya seli, maana seli zilikuwa zinapasuka. Kulipokucha nusu moja ilikuwa imepauka, imekufa. Nusu ya pili, kwenye beseni lile lile, kwenye maji yale yale ya ndoo, ilikuwa ya kahawia na hai, inakula sukari yake kwa utulivu.

Mkaguzi aliinama juu ya chombo kwa muda mrefu. Alipoinuka alivaa kofia yake. "Mlezi. Neno lako."

"Si salama," alisema Tusajigwe.

Alitegemea kelele. Haikutoka. Watu walisimama tu, mmoja mmoja, na wakaanza kupita mbele ya benchi wakimshika Mama Gwantwa bega, kama wanavyopita msibani, naye akawa anawafukuza kwa mkono: "Ondokeni na nyuso hizo. Nani kafa? Mimi nina njaa."

*

Matangi yalifungwa wiki ile ile. Tusajigwe alifukuzwa kazi wiki iliyofuata, na barua ya mahakama ikamfikia kabla hajamaliza kuhamisha vitu vyake. Daktari Kingwande hakufukuzwa. Alivua koti mwenyewe, akalitundika kwenye mlango wa chumba chenye joto, baada ya kuhakikisha kwamba mlezi mpya anajua kulisha.

Mama Gwantwa hakuwa mzima. Ini lililobaki tumboni, bila tui, lilianza kujitengeneza, kwa maana ini ni kiungo chenye ukaidi, lakini Kingwande alipombonyeza ubavuni alihisi ugumu wa makovu, na hakumficha. Linaweza kushika. Linaweza lisishike. Kwenye rafu hapakuwa na kitu. Hata hivyo, siku ya kesi Mama Gwantwa alikuja, amepungua mpaka gauni linamning'inia, akaketi benchi la mbele kabisa la mahakama ya wilaya, na nyuma yake zamu nzima.

Hakimu, mwanamke mwenye sauti kavu, alisoma shtaka. Kwamba mshtakiwa, akijua anachofanya, alimwaga kemikali na kuharibu tishu hai, mali ya kampuni. Kisha akanyanyua macho.

"Mshtakiwa, umeelewa shtaka?"

"Nimeelewa, Mheshimiwa."

"Unakiri kosa?"

Wakili wake alikuwa amemfundisha la kujibu. Akae kimya, au aseme hapana, mengine amwachie yeye. Tusajigwe alimtazama Bi Ndunguru upande wa pili, akamtazama Mama Gwantwa, ambaye hakumwashiria chochote. Alikuwa anamtazama tu, na macho yake hayakuwa meupe bado, lakini hayakuwa ya manjano kama yale ya koridoni.

"Kumwaga nilimwaga, Mheshimiwa," alisema. "Mara mbili, kwa mkono wangu, na mwenye ini akiwa pembeni yangu. Kosa silikiri."

Wakili alifumba macho. Karani akauliza kama aandike ndiyo au hapana, na hakimu akamwambia aandike jibu kama lilivyosemwa.